Wanja wa Jiwe kwa Mtoto Mchanga na Bangili ya Shaba kwa Baridi Yabisi

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh wetu. Nina mtoto wa kike wa wiki tano. Mama mkwe humpaka wanja wa jiwe ndani ya macho kila akishamwogesha, akisema ni Sunna na ni dawa. Yeye mwenyewe huvaa bangili ya shaba kwa ajili ya baridi yabisi, na mume wangu ameuziwa pete ya akiki aliyoambiwa kuwa hushusha shinikizo la damu. Zahanati wamenikataza wanja. Je, nikimzuia mama mkwe nitakuwa nimeipinga Sunna?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Shukrani zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Binti yangu, hujaipinga Sunna. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokuumiza moyo.

Dini yetu haikukataa tiba ya madini. Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za ujahilia, akatengeneza pua ya fedha, nayo ikamnukia vibaya, Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Dhahabu ni haramu kwa wanaume, lakini hapa ilihitajika, na manufaa yake yalikuwa wazi. Vivyo hivyo hakuna anayemlaumu kinyozi anayepitisha shabu kwenye mkwaruzo ili damu isimame, kwa kuwa anaiona damu ikisimama.

Ama wanja, ni kweli Ibn Abbas (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliusifu ithmid kuwa ndio wanja bora, unaotia nuru macho na kuotesha nywele za kope. Ithmid kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni madini ya antimoni. Lakini mawe mengi yanayouzwa leo kwa jina hilo ni madini mengine kabisa, risasi iliyochanganyika na salfa, na muuzaji huyaita yote ithmid kwa sababu yote ni meusi na yanang'aa. Niliwahi kushika jiwe la namna hiyo sokoni: lilikuwa dogo kuliko kokwa ya tende, lakini zito mkononi kama chubwi ya mshipi wa kuvulia, na pale lilipomeguka palikuwa na pembe nne zilizonyooka na uso unaometa kama kioo. Uzito ule ni wa risasi. Bibi zetu walilisaga kwa mapenzi makubwa, wakalichekecha kwa kitambaa na kulitia kwenye kidau, bila kujua kilichomo.

Unga huo haubaki machoni. Machozi huushusha puani na kooni, na mtoto akishajipangusa macho hutia ngumi mdomoni. Mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Risasi ikishaingia kwenye damu hukaa mifupani na kudhuru ubongo unaokua, wala Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi kilicho salama. Huko Omani na Saudia imejulikana dawa iitwayo bint adh-dhahab, unga wa madini wanaolambishwa watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo, nayo pia imekutwa ni risasi. Jina zuri haliwi kinga.

Hadithi ya ithmid imesifu kitu kinachotia nuru macho. Haikusifu kila jiwe jeusi. Kisha kupaka wanja ni jambo lililopendekezwa, si faradhi, ilhali kumkinga mtoto na madhara ni wajibu, kwa kauli ya Mtume (S.A.W.): "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Kwa hiyo kumpaka mwanao wanja huo hakujuzu baada ya kuambiwa madhara yake, na waliokukataza zahanati wamekunasihi vyema.

Kuhusu bangili, Imran bin Huswayn (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwona mtu amevaa pete ya shaba ya njano kwa ajili ya maradhi ya udhaifu, akamwambia aivue, kwani haitamzidishia ila udhaifu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, lakini maana yake inakubaliana na katazo la kutundika hirizi. Kuna uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013, ambapo wagonjwa 70 wa baridi yabisi walivaa kwa zamu bangili za shaba na kanda za sumaku, na haukuonekana unafuu wa maana wala kupungua kwa uvimbe. Mama akiivaa kama pambo, hakuna ubaya. Akiivaa akiamini kwamba inaondoa maumivu kwa nguvu zake yenyewe, hiyo ni shirki. Na akiifanya sababu ya kupona hali haikuthibiti kuwa sababu, wanazuoni wengi wanaihesabu shirki ndogo.

Pete ya fedha yenye akiki ni halali kwa mumeo kuivaa, ila mwanazuoni wa hadithi al-Uqayli amesema kwamba hakuna hadithi iliyothibiti kuhusu fadhila za akiki. Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi la Al-Kaaba, tukufu kuliko vito vyote, alisema anajua kuwa ni jiwe tu lisilodhuru wala kunufaisha, na lau si kumwona Mtume akilibusu asingelibusu. Asithubutu kuacha vidonge vyake kwa kuitegemea pete hiyo.

Sasa, mpeleke mtoto hospitali, waeleze kwamba amepakwa wanja kwa wiki hizi, na uulize kama wanaweza kumpima risasi kwenye damu. Jiwe na kidau vitoke nyumbani, na kama lilisagwa kwenye kinu cha viungo, kinu hicho kisitumike tena kwa chakula. Kwa mama mkwe, mumeo ndiye aanze mazungumzo, kwa upole, wewe ukiwepo, na amshukuru kwanza kwa siku zote alizomwogesha mjukuu wake. Kazi ya kumwogesha ibaki mikononi mwake, maana anaipenda na anaiweza.

Wallahu a'alam.