Ajira na Malipo ya Tiba kwa Sanaa

SWALI: Mhariri, binti yangu amehitimu shahada ya uchoraji hapa Uingereza na anataka kutibu wagonjwa kwa njia ya sanaa. Je, kazi hiyo italipa?

JIBU: Ndugu mzazi, italipa, ila nafasi ni chache na nyingi ni za siku kadhaa tu kwa wiki. Ni lazima kwanza asome shahada ya uzamili iliyoidhinishwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya nchini humo, kisha asajiliwe nalo, kwa kuwa jina la taaluma hiyo linalindwa na sheria. Katika hospitali za NHS, yaani huduma ya afya ya umma, wengi huanzia daraja la 6 la mishahara, ambalo mwaka 2024/25 lilianzia takriban pauni 37,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Shule na magereza pia huajiri. Namsihi ajitolee kwanza kuwahudumia wagonjwa wa akili, kabla ya kulipa karo.