Nitumie nadharia gani kwa bifu za mastaa mtandaoni?

Swali: Habari dokta, nasoma kriminolojia na utafiti wangu ni bifu za mastaa mitandaoni. Msimamizi kanishauri nadharia ya shughuli za kila siku lakini naona haikai vizuri. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, msimamizi wako yuko sahihi nusu. Cohen na Felson, walioianzisha nadharia hiyo mwaka 1979, wanasema uhalifu hutokea vitu vitatu vikikutana, mwenye nia, mlengwa anayefikika na mlinzi asiyekuwepo. Hiyo inawafaa mashabiki wanaovamia komenti za upande wa pili, maana ukurasa uko wazi saa 24 na hakuna wa kuwazuia. Ila haikwambii kwa nini kijembe kimoja cha staa kinazaa kumi.

Hapo mi ningeenda kwa mwanasosholojia David Luckenbill, 1977. Alichambua matukio 70 ya mauaji California akaona mengi yalianza na mtu kuvunjiwa heshima, akaichukulia kama dharau, akajibu, na yule wa kwanza naye akashindwa kurudi nyuma kwa sababu watu wanaangalia, na hao watu ama wanachochea ama wananyamaza, na kunyamaza kwao kunachukuliwa kama ruhusa. Sasa ihamishie kwenye simu uone. Mtaani watazamaji hutawanyika wakaenda kulala, hasira zikapoa, lakini posti inabaki palepale na kesho anakuja mtu mpya anaisoma kama imesemwa sasa hivi, anamtag mhusika, "vipi, unanyamaza?", moto unawaka upya. Hata asiyeandika kitu anahesabiwa kwenye idadi ya walioangalia. Nakuomba usiwaweke watazamaji pembeni kwenye utafiti wako, wao ni washiriki.

Kuna pengo moja ulitaje: watu wa Luckenbill hawakuwa wanalipwa kwa kugombana. Staa bifu inaweza kumuongezea wafuasi na matangazo, kwa hiyo wakati mwingine heshima anayoitetea ni biashara pia.

Kwa matusi ya mashabiki soma Sykes na Matza, 1957, mbinu tano za kujitoa hatiani, yaani visingizio mtu anavyojipa ili asijione mkosaji. Utazikuta kwenye komenti zilezile, "kajitakia mwenyewe", "ana hela huyo hawezi kuumia", "namtetea malkia wetu", "mbona nyie mlianza". Mtu anatishia kuua na moyoni anajiona mwema, hilo ndo linanitisha kuliko matusi yenyewe.

Halafu usiite kila kitu uhalifu. Kijembe ni kijembe. Vitisho vya kuua, kuanika anapoishi mtu, kusambaza picha zake za faragha, hayo ni mambo mengine na sheria zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo tenganisha mapema la sivyo uchambuzi utakuchanganya.

Ukikusanya data panga komenti kwa muda, sio kwa laiki. App nyingi zinakuletea zenye laiki nyingi juu, ukizifuata hivyo hutaona nani alichochea kabla staa hajajibu.