Jarife lililookotwa baharini: ni riziki au ni amana?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mvuvi wa huku Kilwa. Mwezi wa kwanza, tukitoka upande wa Songosongo, tulikuta jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, linachukuliwa na mkondo, limekatika nanga, lina maboya mekundu na samaki ndani, baadhi wameshaoza. Tukalipandisha chomboni, samaki wazima tukauza tukagawana. Nikalishona palipochanika, nikatoa yale maboya mekundu nikafunga meupe, nikawa navulia. Mwezi wa tatu alikuja dikoni kwetu, pale vyombo vinapofikia, mtu wa Pemba aliyekuwa dago (kambi ya wavuvi wa kuja) visiwani, akauliza nani ameona jarife la maboya mekundu. Nilikuwepo, nikanyamaza. Sasa wenzake wote wamesharudi kwao. Shemeji yangu ananiambia mali ya bahari haina mwenyewe, na kuokota si kuiba. Lakini moyo wangu hautulii. Nifanye nini? Na pesa za samaki je? Na gharama za kulishona, naweza kumdai?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, swalla Allahu alayhi wasallam.

Ndugu yangu, tuanze na maneno ya shemeji yako, maana yanasemwa sana madikoni. Bahari inayo mali isiyo na mwenyewe, ni kweli. Samaki, pweza, kaa na chaza, hao Mwenyezi Mungu ametuhalalishia katika Suratul Maida aya ya 96, na anayemtia mkononi ndiye mwenye naye. Jarife halikuzaliwa baharini. Kuna mtu alinunua uzi, akafunga maboya na risasi za kulizamisha, pengine kwa mkopo wa tajiri anayemsubiri pwani na daftari lake. Nanga ikikatika, jarife limetoka mkononi mwake, halijatoka katika milki yake.

Kuokota si kuiba, hilo nalikubali, na siku ile ulifanya vyema kulipandisha. Lingeachwa lingezidi kuua samaki na kasa bila faida ya mtu, au kunasa rafadha (panga la mashine) ya mwenzako usiku. Lakini anayeokota ameshika amana, na amana ina masharti.

Zayd bin Khalid al-Juhaniy, radhi za Allah ziwe juu yake, amesimulia katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim kwamba mtu alimuuliza Mtume kuhusu kitu cha kuokota, ambacho mafakihi, wanavyuoni wa sheria, hukiita luqata. Mtume akamwamuru akijue chombo chake na kamba iliyofungiwa, kisha akitangaze mwaka mzima. Akija mwenyewe apewe, asipokuja basi ni shauri yake aliyeokota. Angalia, ndugu yangu, amri ya kwanza kabisa ni kuzijua alama. Kwa mvuvi alama ni rangi ya boya, idadi yake, upana wa macho ya wavu, aina ya fundo, kamba ya juu na ya chini. Na katika hadithi ya Iyadh bin Himar, aliyoipokea Abu Daud, mwenye kuokota ameamriwa ashuhudishe waadilifu na asifiche.

Wewe alama uliijua, ukaitoa. Hapo ndipo penye jeraha lako, kuliko hata kule kuvulia. Mtu hatoi boya jekundu zima akafunga jeupe kwa sababu za uvuvi. Na dikoni ulipoulizwa, kunyamaza kwako kulikuwa ni jibu. Kuanzia ulipoanza kulitumia kama lako, mkono wako umetoka kuwa mkono wa amana ukawa mkono wa dhamana. Maana yake ni kwamba lolote litakalolipata jarife hilo sasa, hata likichukuliwa tena na mkondo bila kosa lako, unalilipa.

Huenda mtu akakuletea kisa cha gogo. Nakitaja mapema, kwa sababu kimo katika Sahih Bukhari na Imamu Bukhari mwenyewe amekiweka katika mlango wa anayeokota ubao baharini au mjeledi na mfano wake. Mtu mmoja wa Bani Israil alikopa dinari elfu, siku ya kulipa ikafika akakosa chombo cha kuvukia, akatoboa gogo, akatia dinari na barua, akalitupa baharini akimtegemea Mwenyezi Mungu. Aliyemdai akaliona ufukweni, akalichukua liwe kuni za nyumbani. Alipolipasua akakuta mali yake. Wanavyuoni wamechukua hapo kwamba gogo linaloletwa na maji mtu anaweza kulichukua. Sawa, lakini gogo la kuni halina boya. Ukikuta kipande cha wavu kilichooza, ndoana moja, au chupa ya plastiki iliyofanywa chelezo, chukua, hayo hakuna anayehangaika kuyatafuta. Jarife zima mtu ametoka Pemba kulifuata diko kwa diko.

Kuhusu mwaka: katika sababu walizozitaja mafakihi ni kwamba misafara haichelewi zaidi ya hapo, na misimu yote inakuwa imepita. Sisi wa pwani tunaielewa hikima hii kuliko watu wa bara. Aliyeondoka mwisho wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini, atarudi kaskazi nyingine. Tangazo la wiki mbili halimfikii mtu wa dago. Na tangazo lenyewe ni pale watu wanapokutana, dikoni na mnadani, au mlangoni mwa msikiti kwa nje. Ndani ya msikiti Mtume amekataza kutangaza vilivyopotea. Siku hizi hata makundi ya simu ya wavuvi yanafaa. Unasema tu umeokota jarife, rangi ya boya humwambii mtu.

Kwako wewe, hata hivyo, hesabu ya mwaka haipo tena. Mwenyewe alikuja, akataja alama, nawe ukamjua. Kinachobaki ni kurudisha, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa aya ya 58, amana zirudishwe kwa wenyewe.

Sasa samaki. Wale mliowakuta wamenasa ni wa mwenye jarife, kwa kuwa aliyetega ndiye anayemiliki kilichonaswa. Kuwauza hakukuwa kosa, samaki hangoji, lakini pesa ilipaswa kuwekwa. Thamani yao ya siku ile mnadaiwa nyote mliogawana. Ukiamua kuibeba peke yako ni ihsani yako. Samaki uliovua mwenyewe baadaye, kwa kauli ya madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ni wako, ila unadaiwa ujira wa jarife. Mahanbali wao wanasema hata samaki hao ni wa mwenye wavu, kwa hiyo usije ukaona nimekubana. Ujira huo utaupimaje? Huko kwenu mapato yakishatolewa mafuta na barafu hugawanywa, chombo kina fungu lake, nyavu zina fungu lake, na watu mafungu yao. Sioni kipimo cha karibu zaidi kuliko fungu la nyavu kwa miezi uliyovulia. Siku ambazo jarife lililala pwani nazo zina ujira kwa mafakihi wetu. Hizo mwombe akusamehe.

Gharama za kushona huna haki ya kuzidai, kwani hukupewa idhini naye wala na kadhi, na ulishona ili uvulie wewe. Akikupa kwa hiari yake, pokea. Zawadi ya kuokota pia si haki ya kudai, maana ulilipata kabla hajaahidi chochote.

Kumpata si kazi ngumu kama unavyojitishia. Watu wa dago wana nahodha wao, na nahodha ana mchuuzi aliyekuwa akinunua samaki wake pale visiwani, na mchuuzi huyo namba ya simu anayo. Mpigie mwenyewe, usimtume shemeji. Mwache ataje alama upya, uhakikishe ni yeye, kisha mwambie yote, hata ya siku ile dikoni. Pesa ukiwa huna kwa mkupuo, muombe muda mbele ya mashahidi. Akiwa amefariki, haki ni ya warithi wake. Ukimkosa kabisa baada ya kutafuta kwa dhati, liweke jarife na hesabu yake kwa kadhi, usijigawie wewe.

Kuanzia leo usilitie majini. Lioshe kwa maji baridi, lianike kivulini lisiunguzwe na jua, na yale maboya mekundu, kama bado unayo, yafunge mahali pake kabla mwenyewe hajafika.

Wallahu aalam.