Kipupwe kimeingia: maswali yenu ya nyumba na gari

Mvua zilikata Aprili, Juni imefika, na asubuhi bodaboda wote wa Dodoma wamevaa makoti mazito kama wanakwenda vitani. Baridi yetu haigandishi maji. Usiku wa Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 hivi, basi. Kinachotuharibia vitu zaidi ni ukavu na upepo, na maswali mengi mliyonitumia, mkiyachunguza, yanaangukia humo. Ila la kwanza ni la baridi yenyewe, na nimelitanguliza kwa makusudi.

Shikamoo fundi. Naishi Ilazo na wanangu wawili, chumba kimoja. Usiku nawasha jiko la mkaa nje, moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu ndipo naliingiza ndani, nafunga mlango tunalala. Jirani anasema nitaua watoto. Ni kweli au ananitisha tu?

Marahaba mama. Ni kweli, na ningekuwa jirani yako ningekutisha zaidi. Wengi wanaamini kinachoua ni moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala hasikii chochote, usingizi unazidi kuwa mzito. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea.

Mkikuta mtu amezidiwa, mtoeni nje kwenye hewa safi na akimbizwe hospitali. Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa 114. Msipoteze muda kumnywesha maziwa, sumu hii imepita mapafuni, haiko tumboni.

Ili mlale na joto, anzeni chini. Godoro lililolala juu ya sakafu ya saruji linanyonya baridi usiku kucha, hata ujifunike mablanketi matatu. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, juu yake mkeka, ndipo godoro. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwenye kanga, iwekwe miguuni. Jiko libaki nje hadi asubuhi.

(Wenye magari: hewa hiyo hiyo hutoka kwenye ekzosi. Usipashe injini moto ndani ya gereji iliyofungwa.)

Kaka, vumbi! Madirisha yetu ni ya aluminiamu, tunayafunga asubuhi, lakini mchana naweza kuandika jina langu juu ya meza. Tupo Iyumbu.

Washa udi siku yenye upepo, uupitishe taratibu kwenye kingo zote za dirisha na mlango. Moshi ukipinda ghafla, hapo ndipo vumbi linapoingia. Kwa madirisha ya kuteleza utaukuta unapinda sehemu mbili. Ya kwanza ni ule utepe wa manyoya uliopachikwa pembeni mwa kioo, ambao jua na mchanga huumaliza. Huuzwa kwa mita kwa mafundi wa aluminiamu na kuubadilisha ni kuuchomoa na kuusukuma mwingine. Ya pili ni vitundu vilivyo chini ya fremu. Vile vimetobolewa ili kutoa maji ya mvua, kwa hiyo usivizibe kwa silikoni. Pachika kipande cha sponji, na mvua zikikaribia mwezi wa kumi na moja uvitoe, la sivyo maji yatajaa kwenye reli na kuingia sebuleni.

Chini ya mlango weka raba. Kisha acha madirisha ya upande wa magharibi wazi, maana upepo wetu wa msimu huu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na nyumba iliyozibwa pande zote haikaliki.

Gari langu asubuhi linaguna tu, haliwaki mpaka nisukumwe. Mchana linawaka lenyewe. Fundi anasema baridi imeua betri.

Nyuzi 13 haziui betri. Betri yako iliuawa na joto la Oktoba na Novemba, baridi imekuja kutoa taarifa ya msiba. Joto hukausha maji na kula sahani za ndani. Asubuhi yenye baridi betri inatoa nguvu kidogo huku oili ikiwa nzito, ndipo udhaifu unaonekana.

Kabla hujanunua nyingine, pima. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 maana yake imebaki nusu. Ukiwasha injini isome kati ya 13.8 na 14.5. Isipofika hapo, tatizo ni jenereta au mkanda wake, na betri mpya nayo itakufa vilevile.

Tazama na vichwa vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, kausha, funga waya wa hasi mwisho, paka grisi. Nusu ya betri ninazoletewa kama mbovu hupona hapo hapo. Kama ni ya kuongeza maji, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi. Ya bomba hapana, maji yetu yana chumvi, na ukoko mweupe unaouona ndani ya birika ndio utakaoupeleka kwenye betri.

Je, kipupwe nibadilishe oili niweke nyepesi?

Hapana. Fuata kitabu cha gari. Pesa hiyo nunua ea klina mpya, kwa vumbi hili haifikishi kilomita zilizoandikwa. Ile ya karatasi usiioshe. Ukiipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje.

Nyumba yangu ipo Bahi kwenye udongo wa mbuga. Kila kiangazi kuta zinapasuka kwenye kona za madirisha. Nazibe sasa kabla hazijawa kubwa?

Najua methali inayokusukuma, lakini kwenye udongo wa mbuga subiri kwanza. Udongo huo hunywa maji ukavimba, ukikauka husinyaa. Pembezoni mwa nyumba hukauka kabla ya katikati, kona zinashuka, ukuta unachanika kwa mshazari. Ukijaza ufa kwa saruji ukiwa wazi kabisa, masika udongo utavimba, ukuta utataka kurudi mahali pake, utakuta saruji imekaa njiani. Utapata ufa mpya pembeni ya ule wa zamani.

Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe na upana. Rudia kila mwisho wa mwezi hadi mvua zijazo. Ufa mwembamba kama unywele, ulioishia kwenye plasta, utauziba kwa rangi. Ufa uliofika milimita 5 na unaendelea, au mlango ulioanza kukwama, hiyo ni kazi ya mhandisi.

Wakati huo huo sawazisha unyevu. Usimwage maji ya kufulia kona moja kila siku, maji ya gata yapelekwe mbali na msingi, zungushia nyumba zege lenye mteremko, na mwarobaini usiote ukutani.

Nikioga kwa shawa ya umeme, nikigusa bomba nasikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Masika haikuwa hivyo.

Zima swichi yake sasa hivi, usiitumie tena hadi ikaguliwe. Hapo kuna makosa mawili. Kipashio cha ndani kinavujisha umeme, pengine ukoko wa chumvi umekipasua. La pili ni ethi, yaani waya wa kushusha ardhini umeme uliovuja. Rodi ya ethi hutegemea unyevu wa ardhi, na udongo ukikauka umeme uliovuja haupati njia rahisi ya kushuka, kwa hiyo unakutafuta wewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA apime, aongeze rodi au aizamishe zaidi, na afunge swichi inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Usimkubali atakayekwambia vaa ndala.

Julai tunakwenda harusini Makete kwa Noah. Rejeta ina maji ya bomba. Itatufikisha?

Pengine, lakini sikushauri. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, asubuhi za Julai majani huwa na sakitu, na maji yakiganda hutanuka kiasi cha asilimia 9. Chuma cha injini hakitanuki nayo. Na kabla hujafika huko, kuna kupanda Nyang'oro baada ya Mtera, ambako maji matupu huchemka haraka kuliko kulanti, yaani dawa maalumu ya rejeta. Suuza rejeta, weka kulanti, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, au ile iliyokwisha changanywa.

Muulize pia fundi kama thamostati bado ipo. Magari mengi huku imeng'olewa "ili isichemshe". Bila hiyo injini haifikii joto lake, inakula mafuta, na hita ya ndani itawapulizia baridi Njombe nzima.

Kioo kikipata ukungu kwa ndani, washa AC pamoja na joto, AC ndiyo inayokausha hewa. Upepo wa matairi pima alfajiri Dodoma kabla hujaondoka, tairi zikiwa baridi. Ukipima Iringa zikiwa zimepata moto utaona umezidi, utapunguza, na asubuhi ya Makete utaamka na tairi zilizolegea.