Kichina cha bunduki kwa mlinzi

Mdogo wangu umeuliza utajifunzaje maneno ya silaha kwa Kichina maana umepata kazi ya ulinzi kwa Wachina hapa Mwanza. Usikariri orodha, shika neno moja tu, qiāng, bunduki, mengine yanajishikiza hapo: shǒu ni mkono, basi shǒuqiāng ni bastola, bùqiāng ni ile ndefu ya askari, na kufyatua ni kāi qiāng, kāi hiyohiyo ya kufungua mlango. Ila sauti jamani! Qiāng iwe juu na inyooke, ukiishusha afu ukaipandisha inakuwa qiǎng, kupora, sasa mlinzi aseme hivyo mbele ya bosi?? Mi nilikuwa natamka kwa nguvu alfajiri pale mwaloni Kirumba nikisubiri mitumbwi ya dagaa. Kuhesabu weka neno bǎ kati ya namba na jina la silaha: yì ni moja, basi yì bǎ shǒuqiāng, bastola moja.