Kisiki kimeninyanyulia trekta: ninunue mnyororo mnene zaidi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina trekta la nguvu farasi 75 lenye kijiko cha nyuma, kile kinachoning'inizwa kwenye mikono ya kuinulia majembe. Ninasafisha shamba. Visiki vidogo vimetoka vyote, vimebaki vinne vikubwa. Kimoja kina upana wa sentimita 90 na mti wake ulikatwa karibu kabisa na ardhi. Nilikizungushia mnyororo, nikaufunga juu kwenye mkono wa kati ili uvute na kuinua kidogo. Kisiki hakikutikisika, magurudumu ya mbele ndiyo yaliyonyanyuka. Je, ninunue mnyororo mnene zaidi, au niongeze uzito mbele?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Mnyororo usinunue, na tuanze na hayo magurudumu ya mbele, maana hapo ulikuwa karibu sana na msiba kuliko unavyofikiri.

Injini inazungusha ekseli ya nyuma, yaani mhimili wa magurudumu makubwa. Magurudumu yakizuiwa yasizunguke, nguvu ile haipotei: inageuka kuliinua trekta lenyewe, pua juu, likizunguka kwenye ekseli. Wewe ukaisaidia kwa kufunga mnyororo mahali palipo juu kuliko ekseli, kwa hiyo kadiri trekta lilivyovuta, ndivyo mnyororo ulivyolirudisha nyuma chali. Trekta linaweza kupinduka hivyo kwa sekunde 1.5 tu, na ikifika robo tatu ya sekunde limeshavuka mahali ambapo kukanyaga klachi kungekuokoa. Hakuna mguu wenye kasi hiyo. Uzito wa mbele unasaidia kidogo, lakini hauondoi kosa. Ukilazimika kuvuta kitu, funga pale chini tu, kwenye upau wa kuvutia ulio chini ya ekseli, fremu ya kukinga dereva ikiwa imesimama na mkanda umefungwa.

Sasa kisiki. Wengi tunakiona kama karoti: ukipata nguvu ya kutosha, kitachomoka. Siyo. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti imelala kwenye sentimita 60 za juu za udongo, imetawanyika pembeni mbali kuliko kivuli cha matawi yake. Kisiki kimeshikwa kama mkono uliokunjua vidole chini ya zulia. Piga hesabu ya haraka: duara la udongo la upana wa mita 3 na kina cha sentimita 60 lina uzito wa karibu tani 7, bado mbao zenyewe. Trekta la ukubwa wako lina tani 3 hivi. Hapo unaona kwa nini hata mnyororo wa kufungia meli usingekusaidia. Kisiki kikubwa hakivutwi, kinachimbwa na kukatwa mizizi mpaka kikose cha kushika.

Kabla hujachimba, hakikisha hakuna bomba la maji wala waya wa umeme unaopita hapo. Kama udongo ni mkavu na mgumu, mwagia maji kwa wingi siku moja au mbili kabla, ila usiufikishe kuwa tope, maana miguu ya pembeni ya kijiko, ile inayolishikilia trekta wakati wa kuchimba, itazama.

Anza kama mita moja kutoka ukingo wa kisiki, siyo pale kwenye shina. Mzizi unaotoka shinani ukiwa mnene kama paja la mtu, mita moja mbele huwa umeshakonda ukawa kama mkono. Kwa nini upigane nao mahali ulipo na nguvu zaidi? Tumia kijiko chembamba, cha sentimita 30 au 40. Kile kipana kinachota udongo mwingi lakini kinagawa nguvu kwenye meno mengi. Fukua udongo kwanza mpaka uuone mzizi, upitishe meno chini yake, kisha ukunje kijiko. Sisemi uvute mkono mzima wa kijiko kuelekea kwako, nasema ukunje kijiko chenyewe, kwa sababu hapo ndipo mashine ina nguvu kubwa zaidi. Mzizi utanyooka, utalia kama kamba inayokazwa, halafu utakatika kwa mshindo. Ukisikia pampu ya haidroliki inalia na mzizi hautikisiki, acha. Ile ni valvu ya usalama inakwambia umefika mwisho. Osha mzizi huo kwa maji, halafu ukate kwa shoka au msumeno wa mashine. Usipouosha, mchanga utaua makali ya mnyororo wa msumeno kabla hujafika katikati.

Jambo moja usifanye kabisa: kupiga mizizi kwa kuzungusha mkono wa kijiko kushoto na kulia. Silinda za kuzungushia zimewekwa za kusogeza udongo, hazikuwekwa za kupigana. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa kazi hii nilivunja pini ya maungio kwa mchezo huo, na siku tatu zilizofuata nilizitumia chini ya mashine na nyundo, mwenye shamba akinitazama bila kusema neno. Ningependelea angenitukana.

Kuhusu kijiko chako kuning'inia kwenye mikono ya kuinulia, hapo nina wasiwasi. Kijiko kilichofungwa kwenye fremu inayopita chini ya trekta lote hugawa mzigo. Chako kinaubeba mzigo wote kwenye mikono mitatu na kwenye maungio ya mwili wa trekta, na maungio hayo yanaweza kupasuka. Baya zaidi, ule mkono wa kati wa juu ukikatika au mikono ya chini ikinyanyuka wakati unakunja kwa nguvu, kiti cha kuendeshea kijiko kinaruka kuelekea trekta na wewe unabanwa katikati. Kwa hiyo chukua kidogo kidogo. Ukiona sehemu ya nyuma ya trekta inarukaruka au miguu ya pembeni inaburutika, umeshazidisha.

Ukishazunguka kisiki chote kwa mtaro, chimba upande mmoja kina zaidi, liwe shimo la kukiangushia. Hamia upande wa pili, ingiza meno chini ya ukingo wa kisiki, kunja, legeza, kunja tena. Weka miguu ya pembeni mbali na ukingo wa shimo, angalau umbali sawa na kina cha shimo. Kitaanza kucheza. Kikicheza na kurudi mahali pake kama jino la mtoto ambalo bado lina uzi mmoja, ujue kuna mzizi mkuu chini. Ongeza kina cha lile shimo mpaka uingie chini ya kisiki na kuukata. Miembe, kwa mfano, ina mzizi mkuu mrefu, na hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudi kwenye mnyororo.

Ugumu wako mkubwa ni kwamba mti ulikatwa chini kabisa. Shina la mita moja au moja na nusu ni wenzo wa bure: ukishakata mizizi, unalisukuma upande wake wa juu kwa bakuli la kuchotea la mbele ya trekta, kama unalo, na kisiki kinapinduka chenyewe. Kama kuna miti mingine unayotaka kuangusha, mwambie mkataji akuachie shina hilo.

Kikitoka, usihangaike kukibeba siku hiyo. Kilaze ubavu, kipige kwa mgongo wa kijiko udongo udondoke, kiache kikauke na mvua ikioshe. Baada ya wiki chache kitakuwa chepesi kuliko unavyodhani. Shimo lirudishie udongo kwa tabaka za sentimita 20 au 30, kila tabaka ulikandamize. Hata hivyo patatitia, kwa sababu vipande vya mizizi vilivyobaki vitaoza, kwa hiyo pasiwe mahali pa msingi wa nyumba.

Kwa maoni yangu, hicho cha sentimita 90 mwachie mwenye ekskaveta. Mashine ya tani 20 itakifukua kabla chai yako haijapoa, nawe utalihifadhi trekta lako kwa kulima. Vile vitatu vingine, kama havizidi sentimita 50 hivi, unaviweza kwa njia niliyokueleza, mradi uwe na subira. Na kama kimojawapo ni mnazi, anza nacho hicho: hauna mzizi mkuu, una maelfu ya vijizizi vyembamba kama penseli, na kijiko chako kinavikata kama kisu kwenye mkate.