Barua kwa mwanangu: Nani azime redio?

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa juu ya mbuzi nakuna nazi. Unasema tangu uchumba uvunjike, kila usiku unavaa hedifoni na kurudia nyimbo zilezile za kuachwa mpaka saa nane, na mwenzako unayepanga naye anakwambia unajitonesha kidonda. Unaniuliza: nyimbo za huzuni zinamponya mtu au zinamzidishia?

Mimi nimesema siku zote, wimbo haumletei mtu kisichokuwemo. Umelisikia hilo tangu uko darasa la tatu. Lakini uliponiuliza sikumfikiria mchumba wako, nisamehe. Nilimfikiria dada yako aliyetangulia.

Kwamba alikaa siku kumi na moja unajua. Ya baada ya hapo hujayasikia. Ilikuwa 1984, tumepanga chumba kimoja Ngamiani, barabara ya 14. Kila aliyeingia kunipa pole alisema usilie, mtoto mchanga ni ndege wa peponi. Basi sikulia. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, watu wakarudi makwao, mimi nikabaki na maziwa. Yananijaa mpaka makwapani, nayakamulia kwenye bakuli la bati, najibana kifua kwa kanga, nafua mashati ya baba yako. Bibi yako akaendelea kunipikia uji wa pilipili manga wa mzazi, kila asubuhi, kana kwamba mtoto yupo. Nikaunywa. Macho makavu kama kifuu.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, yule mama wa maandazi, alikuwa na redio kaseti. Kwa heshima ya msiba hakuifungua wiki nzima. Siku ya tisa hivi, alfajiri, anasukuma unga wake, akasahau, au hakusahau, akaweka kanda ya Shakila, yule mwimbaji wa taarabu, nyimbo zile alizoimba na kundi la Black Star la hapahapa Tanga. Unazijua zilivyo: gitaa linazunguka, linazunguka, hujui sauti itaingia lini. Mdogo wako amenisomea kwenye simu kwamba mwaka 2011 watafiti wa Montreal waliwapima watu ubongo huku wanasikiliza muziki wanaoupenda, wakakuta ile kemikali ya raha, dopamini, inaanza kutoka hata kabla kipande chenyewe hakijafika, mtu akiwa bado anakingojea. Nikamwambia hilo mimi nililijua 1984, bila mashine. Maana nilianza kutetemeka kwenye gitaa. Shakila anafungua mdomo, mimi nimeshakaa sakafuni, kanga imelowa machozi huku, maziwa huku, na usinishangae mwanangu, ilikuwa raha. Huzuni ni ileile, ila sasa ilikuwa inakwenda mahali.

Ubeti wa pili haukufika. Baba yako aliamka, akavaa shati, akaenda kubisha hodi. Nilimsikia kupitia ukutani: "Dada, samahani, mwenzangu ana msiba." Redio ikazimwa. Baadaye yule mama akaja kuniomba radhi, maandazi kwenye sahani, machozi yanamtoka. Aniombe radhi mimi! Nikapokea sahani, nikasema hakuna neno. Neno lilikuwepo. Shakila alipofariki 2016 nililia upya, na baba yako akasema hakujua kama nilikuwa nampenda kiasi hicho.

Kwa hiyo mwenzako akikwambia uzime, mimi damu inanichemka. Amejuaje umefika ubeti wa ngapi?

Lakini ngoja, nisijidanganye. Shangazi yako alipoachika alirudia kanda moja karibu mwaka mzima, naye hakufika popote. Kila ubeti alikuwa anautafutia kosa lake yeye: hapa ndipo nilipomjibu vibaya, hapa ndipo nilipochelewa kurudi. Akakonda. Tulipomficha ile kanda alitununia mwezi, kisha akaanza kula. Basi wimbo haumletei mtu kisichokuwemo, sawa, ila unaweza kumzungusha humohumo kama ng'ombe wa kinu. Ninachokumbuka ni kwamba mimi siku ile niliponyanyuka nilikuwa na njaa. Nilikula maandazi manne. Shangazi yako alikuwa akinyanyuka amechoka kuliko alivyokaa.

Halafu mimi ule wimbo ulinijia ukutani, na harufu ya mafuta ya moto, na mtu upande wa pili anapigapiga unga. Taarabu ndivyo ilivyo. Neno lenyewe kwa Waarabu ni ile hali ya mtu kutekwa na muziki, lakini kwetu ukitekwa unanyanyuka mbele ya watu, unakwenda kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua limekufika. Wewe umejifunika shuka na hedifoni. Ningekwambia uzivue. Nimeandika hivyo mara mbili nikakata. Sikwambii. Ila ukimaliza kusikiliza, jiangalie una njaa au huna.

Jumamosi, kwa sababu yako, nilimwuliza baba yako kwa nini alikwenda kunizimia redio. Miaka arobaini na ushei sijawahi. Alikuwa barazani anamenya chungwa la Muheza, lile ganda lake refu lisilokatika. Nikamweleza yote, gitaa, maziwa, ubeti wa pili. Akamenya mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Nani kakwambia niliizima kwa ajili yako?"

Akalipasua chungwa, akanipa nusu.

Mama yako